Pikipiki Iliyovuta Pumzi Mara Mbili

Mwaka elfu moja mia tisa tisini na mbili, nikiwa na miaka kumi na mmoja, dhiki iliingia nyumbani kwetu kwa magurudumu mawili. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno ya kuremba akatafute kwa waliosoma. Mimi nasema kilichokuwa. Mama yangu amefariki mwaka huu, arubaini yake tumekwisha kuisoma, na kuna neno moja ambalo nisingeliandika akiwa hai. Sasa hakuna wa kuumia nalo ila mimi.

Kilichonisukuma ni harufu. Siku mbili baada ya hitima jirani alipuliza salfa kwenye mikorosho yake alfajiri, upepo ukaileta mpaka kwenye mkeka wangu wa kuswalia. Watu wa rika langu wa upande huu wa Mtwara mnaijua: kama njiti ya kiberiti imewashwa ndani ya pua, na ladha yake inakaa kwenye meno mpaka chakula cha mchana. Siku hizi wengi wanapuliza dawa ya maji. Mimi nikiunusa ule unga wa njano naacha ninalolifanya. Nilikaa chini pale pale, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikangoja upite.

Kijiji chetu kipo mbele ya Madimba ukielekea Msimbati. Enzi hizo gesi ilikuwa bado imelala chini ya ardhi, hakuna bomba wala mtambo, ni mihogo, mikorosho na mchanga unaokula mguu mpaka kifundoni. Baba yangu, Issa, alikuwa mchukuzi. Ananunua ng'onda, samaki wa kukausha, Msimbati, anawafunga kwenye baiskeli, anausukuma mzigo mpaka soko la Chikongola mjini, anarudi na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Nasema anausukuma kwa sababu nusu ya njia baiskeli ilikuwa haipandiki. Kifua chake kilikuwa kipana kama mlango, na alikuwa hapendi kuhurumiwa. Hilo nimelirithi.

Pale Chikongola kulikuwa na mzee wa duka la vitambaa, mteja wake wa miaka mingi. Uani kwa mzee huyo kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai, kuku wanatagia juu yake. Baba alikipita hicho kitu miaka yote bila kuuliza. Siku moja upepo ulilifunua turubai, akakiona.

Ilikuwa pikipiki, lakini si kama zile tulizozizoea, za mabwana shamba, ambazo ni tangi, kiti na kelele. Hii ilikuwa na uso. Mbele ilivikwa gamba jeupe lenye mistari myekundu, limechongoka kama kichwa cha papa, na kioo kimelala juu yake. Mzee wa vitambaa alimsimulia habari zake kama alivyozijua. Ilikuja na meli. Ilikuwa ya Mzungu aliyepanga chumba kwake, mmoja wa wale waliokuja kuulizia gesi ya Mnazi Bay miaka ya themanini. Mzungu yule alikuwa akiifuta kwa shati lake mwenyewe. Alisema Wajapani wameitoa kiwandani si muda mrefu, tena chache, na kwamba huku kwetu hataiona ya pili. Kisha wakubwa zake wakamwita kwao ghafla, akatundika ufunguo msumarini, akasema nitarudi. Hakurudi. Wala hakuacha neno la namna ya kuitunza, na kaburi la baba lilianza kuchimbwa hapo.

Mzee wa vitambaa hakutaka fedha. Alitaka mikorosho. Na mikorosho iliyokuwa ikizaa vizuri, ishirini na saba, ilikuwa ya mama, ameachiwa na mama yake. Kwetu Wamakonde mali ya upande wa mke haiguswi na mume. Mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba aliigusa. Alimwambia mama baada ya kushikana mkono na mzee, si kabla. Mama hakupiga kelele. Alichukua jembe akaenda kulima mihogo jua la saa saba, na aliporudi aliuliza jambo moja tu, kama hicho chuma kinazaa korosho.

Fundi wa mjini alikaa nayo wiki tatu, anatoa mayai viza na utando wa buibui. Siku ilipokuja kijijini tulitegemea ngurumo. Hatukuisikia. Ilikuja na mluzi mwembamba, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa kwa mbali, na mbwa walianza kubweka sisi tukiwa bado hatujausikia. Baba alishuka kope nyeupe kwa vumbi, anacheka peke yake.

Ilikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwenye chombo chochote. Ukiuzungusha mkono wa mafuta, haiendi. Inavuta pumzi kwanza, inatulia, kama mtu aliyeambiwa jambo akawa analitafakari. Halafu inavuta pumzi ya pili, ule mluzi unapanda juu, na ndipo inakuchukua, na hapo haikuulizi tena. Wachuuzi wa Msimbati waliipa jina Subiri. Wakimwona baba anapita na mzigo wanamtania: "Bwana Issa, leo imekubali au bado inafikiri?" Naye anawaambia endeleeni kuuliza, mimi nikifika mjini nitawasalimia wakwe zenu, niwaambie mko njiani tangu jana.

Kilichowatia watu baridi ni maandishi. Mbele, kwenye lile gamba, kulikuwa na herufi kubwa zilizoandikwa kinyume, zimegeuza nyuso. Mimi nilikuwa nasoma madrasa kutoka kulia na shule kutoka kushoto, nikajaribu njia zote mbili, hazikusomeka. Ikasemwa kijijini kwamba maandishi ya kinyume ni kazi ya mtu, uchawi, na kwamba yule Mzungu hakuondoka bure. Mwalimu wa madrasa aliitwa aitazame. Akaizunguka mara tatu, akasema herufi hazina dhambi, lakini niliona mikono yake ameifunga nyuma muda wote. Basi mama akaamua la kwake. Kila Alhamisi jioni anatia makaa kwenye chetezo, anamwagia ubani, anakipitisha chini ya tumbo la pikipiki na kuizunguka nacho, midomo inasoma. Baba alimwacha. Sidhani aliamini, lakini mwanaume aliyegusa mikorosho ya mkewe hana mdomo wa kukataa moshi.

Mjomba alipata habari. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, mtu wa upande wa mto Ruvuma, mfupi, mpole wa sauti, na kwa ajili hiyo tulikuwa tukimwogopa. Alitembea kutwa nzima mpaka kwetu. Alikataa maji, akakataa kiti, akaitazama Subiri kwa muda, kisha akamwambia baba alilokuja nalo mbele yetu sote, maana kwetu mambo ya mali ya ukoo hayasemwi chumbani.

"Shemeji, mimi sina ugomvi. Nakupa msimu huu mmoja. Korosho za miti iliyobaki zikiingia ndani, mdomo wangu naufunga. Zisipoingia, dada yangu na watoto wake nawachukua, na wewe utabaki na huyu mke wako anayepiga mluzi."

Baba alijibu kwa neno moja, kwamba amesikia. Sijapata kumwona akijibu kwa ufupi namna ile. Kuanzia siku hiyo nilijua ni nini kimewekwa rehani: sisi. Mama, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado anabebwa mgongoni.

Siku chache baadaye baba alinichukua Msimbati. Mimi nilikuwa mzaliwa wa kwanza na ndiye niliyekuwa nikibishana naye kuliko wote, nadhani alitaka nimwamini. Maji yalikuwa yametoka, mchanga wa ufukweni umekaa mgumu kama sakafu, mrefu mpaka macho yanachoka. Aliniambia nimshike kiunoni, nisimshike shati. Akazungusha mkono. Ikavuta pumzi ya kwanza, ikatulia, nikasikia moyo wangu. Kisha mluzi ukapanda, na kitu kikatuchukua. Mtandio wangu ukaruka. Bahari ikawa mstari. Nilifumba macho nikalaza shavu mgongoni mwa baba, nikaona ni mgongo wa mtu nisiyemjua, umekaza, hauna habari na mimi. Sikupiga ukelele. Nilisoma Kulhuwallahu yote niliyoijua, ikaisha, nikaianza tena.

Tuliposimama, baba alirudi nyuma kwa miguu kuutafuta mtandio. Jua lilikuwa limeshuka, pikipiki imejitupia kivuli. Nikachungulia chini ya kifua chake, pale nyuma ya gurudumu la mbele, nikaona wekundu. Wekundu wa kaa la moto lililofunikwa majivu, limetulia, linapumua. Mtoto ana elimu yake. Niliwaza mara moja kwamba lile ni kaa la ubani wa mama. Limeingia tumboni mle siku moja ya Alhamisi na halijazimika, linatulinda, ndiyo maana hatukuanguka. Nikafurahi. Sikumwambia baba. Bibi alikuwa ametufundisha kwamba ndoto njema ikitangazwa inaondoka, nami nikaona kinga nayo ni hivyo hivyo. Baba aliporudi na mtandio ule wekundu ulikuwa umekwisha, na sisi tukaenda zetu.

Ukafika msimu wa kupuliza. Mikorosho ilikuwa imetoa maua, na ubwiriunga ukaanza, ile hali ya ua kuota kama majivu, ukiligusa linapukutika. Dawa yake ni salfa, na salfa ilikuwa imekwama mjini. Lori la kuileta vijijini kila siku linakuja kesho. Ijumaa moja baada ya swala baba alisimama msikitini, yeye ambaye hakuwa msemaji wa mbele ya watu, akawaambia watu wasingoje lori. Ataileta yeye.

Kwa siku tisa alikwenda na kurudi. Gunia tatu kila safari, mbili ubavuni na moja nyuma, amezifunga kwa kamba za mpira. Waliokuwa wanacheka waliacha. Jirani yetu Hamisi, mchekaji mkuu, akawa ndiye anayeshika usukani wakati wa kushusha, na anaiita Bibi Subiri, akiipisha njia kwa heshima kama mama mkwe. Alfajiri kijiji kizima kilikuwa kikivuma kwa mashine za kupuliza, wingu la njano linapanda kati ya mikorosho. Baba aliwahudumia wengine kwanza. Tulibaki sisi na Hamisi. Safari ya kumi ilikuwa yetu na yake.

Kuna jambo la salfa ambalo mgeni halijui. Ikipata umande inaganda, na ikiganda inaziba mashine. Kwa hiyo baba alikuwa haishushi uani. Aliingiza pikipiki na mzigo wake moja kwa moja ndani ya ghala letu, nyumba ya miti na udongo yenye paa la makuti, akaifungua humo humo kwenye ukavu. Tuliona ni akili. Mtu yeyote wa kwetu angefanya hivyo.

Safari hiyo alilala mjini Alhamisi. Mama, kwa kuwa pikipiki haikuwepo, alifukiza ghala lenyewe, akazunguka nafasi inaposimama, na chetezo akakiacha kwenye kona. Baba aliondoka mjini kabla ya alfajiri ili awahi umande wa kupulizia, maana unga hushika kwenye ua lililolowa, na barabara ilikuwa tupu, akaiachia. Tulimsikia kwa mbali, mluzi uko juu kuliko siku zote. Aliingia ghalani wakati msikitini wanakimu swala. Akaizima kwa mkono mmoja huku mwingine unakunja suruali, hakufungua hata mzigo, akakimbia kuwahi rakaa ya kwanza.

Mama alinituma ghalani kuchukua ungo. Kwetu ghalani haingii mtu na viatu, kwa kuwa chakula kipo chini, nikaziacha ndala zangu mlangoni. Ndani kulikuwa bado giza. Nikaliona kaa langu. Siku hiyo halikuwa la majivu, lilikuwa jekundu wazi kama mdomo wa tanuru. Gunia moja lilikuwa limechanwa na tawi njiani, na unga ulikuwa unachuruzika juu ya tangi, unashuka kwenye gamba, unadondoka taratibu juu ya ule wekundu. Ukifika unayeyuka kama samli. Unakuwa rangi ya asali. Kisha ulimi mdogo wa moto ukatokea, wa buluu, mzuri, sijaona moto mzuri kama ule.

Mama akasema kutoka uani, "Somoe, mbona nasikia harufu? Kuna moto humo?"

Nikamjibu, "Hakuna moto, mama. Ni ubani."

Akasema basi kile chetezo nikitoe nje, akatwika ndoo, mtoto mgongoni, akaenda kisimani.

Mimi nilibaki natazama. Ule moto haukuwa na kelele. Ulitembea kwenye unga kama maji yanavyotafuta njia. Nilipovuta pumzi iliyofuata ilikuwa kama ngumi imeingizwa kooni. Mlango sikuuona tena. Nyuma ya ghala ukuta ulikuwa umebomoka pembeni, mbuzi walikuwa wakipenya hapo, nikapenya nikaangukia kwenye mihogo, nikatambaa. Macho yanawaka, kifua kimefunga. Nilipogeuka moshi ulikuwa unatoka chini ya makuti.

Baba akaja kutoka msikitini. Alikuwa ametangulia, Hamisi yuko nyuma sana njiani na tasbihi yake. Niliona anasimama, anautazama moshi, halafu anatazama chini, mlangoni. Ndala zangu. Mimi nilikuwa hatua kama ishirini tu. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikaokota bonge la udongo nikarusha, likapiga makuti likaanguka. Alikwisha kuingia.

Nilimsikia. "Somoe. Somoe mwanangu, sema uko wapi." Mara mbili hivyo, kisha kikohozi, kisha mara ya tatu jina langu nusu.

Alitoka. Alikuwa amefumba macho na amebeba kitu kifuani, mkono mmoja chini, mwingine juu, kama unavyombeba mtoto aliyepitiwa na usingizi, uso wake ameulaza juu yake. Alipiga magoti uani, akakilaza chini polepole, akitanguliza ule upande wa kichwa kwa uangalifu. Lilikuwa gunia la salfa. Kisha akaanguka ubavu.

Hamisi alifika hapo. Alichokiona ni mtu ameingia motoni akatoka na gunia la watu. Wakaja wengine, wakaona hicho hicho. Mpaka mimi nimetambaa kutoka kwenye mihogo, habari ilikwisha kutengenezwa: Issa kaokoa salfa ya jirani yake. Sikuwa na sauti ya kukanusha, na sauti iliporudi nilikuwa sina moyo.

Alilazwa hospitali mjini. Siku ya sita nilipelekwa kumwona. Macho yake yalikuwa yamefungwa bendeji, kifua kinapiga mluzi, na mluzi ule niliujua. Alipapasa akapata kichwa changu, akakishika muda mrefu. Alisema kwa kunong'ona, maneno yakitoka moja moja.

"Nilikubeba. Ulikuwa mzito, nikasema afadhali, mzito yu hai."

Nikasema, "Ndiyo, baba. Ulinibeba."

Alikufa siku hiyo kabla ya alasiri. Gunia lile lilipulizwa kwenye mikorosho ya Hamisi, ikazaa sana mwaka ule. Yetu iliota majivu. Mjomba alikuja na hakusema lolote la kale. Alizika, akakaa matanga, akatuchukua kwenda Ruvuma. Shule ikaishia hapo. Mifupa ya Subiri ikabaki pale ghala lilipokuwa, na watu wakawa wanapita mbali, wanasema jini la Mzungu limeshiba. Mama yeye hakusema jini. Ila tangu siku ile hakuwasha ubani tena maishani, hata kwenye maulidi, hata kwa wajukuu zake walipozaliwa, na akiusikia kwa majirani anaingia ndani anafunga dirisha. Nilikua ndipo nikaelewa: anadhani ni kile chetezo. Anadhani amemuua mumewe kwa kinga. Na aliyemwambia ni ubani ni mimi.

Sitawachosha na nilivyoinuka. Nilibangua korosho tangu nina miaka kumi na miwili, mafuta ya maganda yakala ngozi mpaka mashine ya vitambulisho haikuona alama za vidole vyangu. Niliolewa, nikaachwa, nikaolewa na kazi. Nilirudi kijijini kwetu na mama na nikajenga palepale, ubavuni mwa ile mifupa, kwa sababu ardhi haina kosa.

Gesi ilipofufuka, miaka ya elfu mbili na kitu, nikawa nawapikia wafanyakazi wa visima hapo kwangu. Mchana mmoja kijana mhandisi, Mtanzania, alikwenda kujisaidia nyuma akachelewa kurudi. Nikamkuta amepiga magoti mchangani mbele ya vyuma, anafuta kutu kwa kiganja. Akaniuliza kama najua hiki ni kitu gani. Nikamwambia nakijua kuliko wewe, lakini sema.

Akasema. Kwamba Wajapani waliwahi kutoa kiwandani pikipiki za namna hii kwa miaka michache tu, wakaacha, kwa kuwa zilikuwa nzito, ghali na za moto, na watu walichoka kungoja ile pumzi ya pili. Kwamba moshi unaotoka unazungusha pangaboi dogo, na pangaboi linaisindilia injini hewa, ndiyo ule mluzi. Kwamba yale maandishi yaligeuzwa ili dereva aliye mbele ayasome kwenye kioo chake akupishe. Nilimuuliza habari ya wekundu.

"Hilo ni pangaboi, mama. Ukiikimbiza sana chuma chake kinaiva. Kawaida kabisa. Ndiyo maana ukifika hutakiwi kuizima papo hapo. Unaiacha ingurume polepole nje, itulie."

"Muda gani?"

"Dakika tatu, nne, wekundu unaondoka. Robo saa, unaweka mkono jirani."

Robo saa. Swala ya alfajiri na dua yake.

Vyuma vile alivitaka, nikampa, na alichonilipa nikanunua mashine ya kupulizia. Jioni niliingia chumbani kwa mama. Nilimwambia mama, haikuwa ubani. Nilimweleza pangaboi na chuma kilichoiva na gunia lililochanika. Nilimwambia chetezo chako kilikuwa kimepoa tangu Alhamisi usiku, nilikiona, hakikuwa na kaa hata moja. Hilo la mwisho sikuliona, nililisema. Alinisikiliza huku anakunja kanga ileile, anaikunjua, anaikunja.

"Kumbe chuma tu," akasema. Kisha akasema, "Na mimi nikakutuma ungo."

Akalia hapo kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nami nikamshika. Zile dakika sikumwambia. Wala sikumwambia kwamba baba aliingia kwa ajili yangu, wala kwamba mimi nilikuwa nje natazama. Alikufa akijua mumewe aliokoa salfa ya Hamisi, kama kijiji kizima kijuavyo. Sasa mnajua ninyi.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya matofali na bati, vyumba sita. Mikorosho mia moja na kumi na nne, na ishirini na saba kati yake ni ile ya mama, niliikomboa kutoka kwa watoto wa mzee wa vitambaa kwa kubadilishana na shamba la ufuta. Ghala la matofali, milango miwili. Mashine tatu za kupuliza. Mbuzi kumi na tisa. Kisima cha saruji. Watoto wanne, wajukuu watatu, na hakuna aliyeachishwa shule. Kitanda cha mama, ambacho bado sijakitoa chumbani kwake.